Vigae Chini ya Stoo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikujifunza ukubwani. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama yake pia. Kwetu juu kwenye milima ya Uha, jirani akikuletea maziwa bila kuombwa unamshukuru, unamsindikiza mpaka njiani, ukirudi unampa paka kwanza. Nilipoposwa na kijana wa Ujiji mama hakupiga vigelegele. Alinikalisha jikoni akaniambia kwamba huko niendako nisile nisichokiona kikipikwa, na mlango uliofungwa nisiuzoee. Siku ile nilicheka. Baadaye niliyashika maneno yake kuliko sala.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Ndugu zangu kule juu walikuwa wakitolewa kwenye migomba yao na kupangwa vijijini kando ya barabara, nami nikawa nateremka upande wangu, sanduku langu la bati likiwa kichwani mwa kaka, kwenda kuwa mke wa mtu. Nilikuwa nimebatizwa, nikasilimu. Mume wangu alifanya kazi kwenye garimoshi la Tabora. Akiondoka Kigoma alikaa siku tatu, nne, mara nyingine wiki nzima, maana injini za wakati ule zilikuwa na tabia ya kupumzika porini. Kwa hiyo aliyenioa hasa, nikisema kweli, ni mama yake. Yeye ndiye niliyeshinda naye, nikala naye, nikamchunguza.

Mtaa wetu ulikuwa wa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, wakazaa, wakazika, wakawa Waujiji kuliko sisi wenyeji wa milimani. Nyumba ilikuwa ndefu, ya udongo, bati limeshika kutu, vyumba vikitazamana na ukumbi katikati. Chumba changu kilikuwa cha mwisho mkono wa kulia. Ukuta mmoja na chumba changu palikuwa na stoo, na stoo hiyo ilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mama mkwe, kwenye uzi mweusi, chini ya kanga. Wiki ya kwanza nilimuuliza tunaweka nini mle. Akasema, "Vitu vya zamani." Akaendelea kuchambua dagaa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye viganja vikubwa kama vya mvuvi. Hakuwahi kunipigia kelele hata mara moja, na hilo nalo nililiandika moyoni kama kosa. Mama mkwe asiyegomba ana kitu anakilinda, ndivyo nilivyojiambia. Tulipokwenda Kibirizi kununua dagaa, wenzake walitazama mitumbwi na bei, yeye akatazama chini. Aliokota. Kifungo cha shati, kitako cha chupa, kome, yale magamba ya konokono wa ziwani yaliyosuguliwa na mchanga mpaka yakang'aa. Akivipata alivifunga kwenye pindo la kanga. Kwetu anayeokota vya njiani hasemwi vizuri. Nilianza kutembea nyuma yake ili nione anachokiinua, na yeye akapunguza mwendo ili nimfikie, tukawa tunakwenda hivyo, mimi nikijikokota na yeye akinisubiri.

Sasa niseme juu ya sahani, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Familia zile zilizotoka ng'ambo zilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu akifa, siku ya arobaini yake, baada ya watu kula na kusoma dua, sahani au bakuli alilokuwa akilia chakula huvunjwa kizingitini. Vigae hukusanywa kwenye kitambaa, akakabidhiwa mwanamke mtu mzima asiye wa damu ya marehemu, apande navyo mtumbwi avimwage kwenye kina. Lengo ni marehemu asirudi kudai chakula. Mwalimu wa madrasa alikuwa akikunja uso kila wakifanya hivyo, lakini naye bakuli la mkewe lilivunjwa na hakusema kitu. Na mwanamke wa kupeleka vigae, mtaa mzima, miaka yote, alikuwa mama mkwe wangu. Walimwamini. Akipita na kile kitambaa, watu walinyamaza mpaka apotee kwenye njia ya ziwani.

Mwaka wa pili wa ndoa nilizaa binti. Sitamsifia hapa, kila mama anajua wa kwake. Nitasema tu kwamba alicheka mapema, na alikuwa akicheka zaidi kwa bibi yake kuliko kwangu, nami sikupenda. Alikuwa na bakuli lake dogo la uji lenye mstari wa kijani ukingoni, alilonunuliwa na baba yake Tabora. Alipofikisha miezi kumi na moja akashikwa na homa asubuhi. Bibi yake akamkanda maji, akamnywesha mizizi aliyoichemsha mwenyewe, na mimi nikamfunga mtoto mgongoni nikakimbia naye zahanati. Walisema ni malaria imepanda kichwani. Alifariki kabla ya alasiri.

Siku ya arobaini bakuli lake lilivunjwa. Dada mmoja wa jirani alikuwa ameombwa avichukue vigae, kwa sababu bibi ni damu ya mtoto na hapaswi kuvigusa. Mama mkwe akainuka mkekani, akachukua kile kitambaa mikononi mwa yule dada, akatoka. Hakuomba ruhusa. Wanawake wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja desturi ile aliyoishika miaka yote, na aliivunja kwa mtoto wangu. Nikakumbuka mizizi aliyomnywesha. Nikakumbuka vya njiani anavyookota. Kikulacho kiko nguoni mwako, wahenga hawakukosea, nami nikaanza kuamini jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kulitamka: huyu mwanamke amemla mwanangu.

Si muda mrefu baada ya hapo nikaanza kusikia kugonga.

Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, wakati mtaa mzima umejinyoosha mikekani. Nilikuwa nimelala kitandani, sijalala usingizi, na chini yangu, si pembeni, chini, kikagonga kitu. Tik. Kimya. Tik, tik. Kama mtu anayepasua chikichi dogo kwa jiwe dogo. Niliteremka nikaweka sikio sakafuni. Kikanyamaza kidogo, kikaendelea. Nilipotoka nje nikakuta mama mkwe hayupo uwani, hayupo jikoni, na kufuli la stoo halipo mlangoni. Nilingoja nimejibanza ukumbini. Alipotoka alikuwa na udongo mbichi kwenye vidole na vumbi jeupe kwenye kope. Akaniona. Akasema maji ya kuoga yamepata moto, kama ninataka nianze mimi.

Ilikuwa hivyo mwaka mzima na zaidi, si kila siku, lakini kila wiki. Nilinyunyiza majivu mlangoni mwa stoo nione nyayo. Nikaona nyayo zake, zikiingia na kutoka, basi. Nilimwambia mume wangu. Akacheka kwanza, kisha akakasirika, akasema mama yake amenilea kama binti na mimi namlipa kwa fitina. Akaniambia wazi kwamba siku nitakapomtia mama yake maneno mbele ya watu, siku hiyo hiyo nitapanda lori la Kasulu nirudi kwetu. Sikumwambia tena.

Sukari ndiyo iliyonipa njia. Wakati huo sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Duka la ushirika likifunguliwa, watu walipanga mawe na ndoo kushika nafasi tangu alfajiri. Ikatangazwa mikutanoni kwamba wapo wanaoficha bidhaa na kuzivusha ng'ambo, na kila balozi wa nyumba kumi afungue macho. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, mwenye staha, akishona barazani kwake. Nikampelekea kitambaa cha blauzi. Wakati ananipima, nikamwambia kwamba nyumbani kwetu kuna mlango haufunguliwi, na chini yake kuna shimo.

"Sukari?" akauliza.

"Sijasema sukari, mzee."

Lakini sikusema kwamba si sukari. Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Ningekwenda kumwambia kwamba mama mkwe wangu ni mchawi angenifukuza, maana serikali haikuwa na faili la wachawi. La walanguzi lilikuwapo. Na aliyekamatwa kwa ulanguzi wakati ule alichukuliwa na nyumba ikawa midomoni mwa watu kwa miaka. Nilitaka achukuliwe. Nilitaka ule mlango ufunguliwe na mtu mwingine, mimi nisimame nyuma yake nitazame. Nilirudi nyumbani na vipimo vya blauzi kwenye kikaratasi, nikamsaidia mama mkwe kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Walikuja baada ya siku mbili, saa tatu asubuhi, mume wangu akiwa safarini. Balozi, katibu wa tawi ambaye alikuwa kijana mgeni mwenye viatu vizito, na mgambo mmoja na rungu lake. Katibu akasoma kitu kwenye karatasi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kibao, miguu ameinyoosha. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua ule uzi shingoni, akamkabidhi balozi ufunguo. Aliomba jambo moja tu, wavue viatu. Balozi akavua. Katibu akasema yeye yuko kazini.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, shika kandili uwamulikie. Wewe una macho mazuri."

Nilikwenda kuwasha kandili, na kiberiti kikanivunjikia mara tatu.

Stoo ilikuwa karibu tupu. Mkeka umekunjwa, beseni la udongo wa kichuguu limefunikwa gunia lenye maji, kikapu cha kome, kisu kilichochakaa. Katikati ya sakafu palikuwa na mbao tatu. Katibu akazitazama, akamtazama mgambo, wakatabasamu. Mbao zikainuliwa. Ngazi zilichongwa kwenye udongo wenyewe, kumi na moja, nilizihesabu nikishuka nyuma ya balozi, kwa sababu nilitaka kujua natakiwa kukimbia ngapi kurudi juu.

Kandili lilipofika chini kuta zikawaka.

Sijui niliseme vipi. Kilikuwa chumba, upana wa mikeka miwili, dari imepinda, mtu mrefu angeinama. Na hapakuwa na mahali patupu hata pa kuweka kiganja. Vigae vya sahani, vya vikombe, vya mabakuli, vyeupe, vya samawati, vyenye maua nusu na majani nusu, vimepachikwa kwenye udongo kimoja ubavuni mwa kingine, kwa ustadi wa mtu asiye na haraka. Katikati yake mistari ya kome imepita ikizunguka, na vitako vya chupa vya kijani, na vifungo, mamia ya vifungo. Palikuwa na samaki aina ya mgebuka, urefu wa mkono wangu, magamba yake yote ya kaure. Palikuwa na kasia. Palikuwa na mkungu wa chikichi. Palikuwa na cherehani nzima na gurudumu lake. Niliona pia pete ya chuma iliyopigwa ukutani, ya zamani sana, imezungushiwa kome safu saba. Baadaye waliniambia shimo lile lilikuwapo kabla ya nyumba. Wengine husema lilikuwa la kufichia pembe za ndovu. Mimi nikikumbuka kimo cha ile pete, nashuku walifichwa watu.

Katibu alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino, akitafuta sukari. Mimi nilikuwa nimegandamana na ukuta wa ngazi nikisoma Salamu Maria, mimi niliyesilimu, kwa kuwa nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Hiki hapa. Hivi ndivyo vitu ambavyo alikabidhiwa avizamishe, na amevileta chini ya nyumba yetu. Amewafunga marehemu wa mtaa mzima, pamoja na wangu. Nikamtazama balozi ili nione kama naye ameelewa.

Balozi alikuwa amesimama mbele ya ile cherehani. Aliinua mkono, hakugusa. Akaniomba nisogeze taa. Juu ya gurudumu palikuwa na vigae vitatu vyekundu, na kwenye kimojawapo kichwa cha jogoo.

"Hili bakuli la baba," akasema. Si kwa katibu wala kwangu. Baba yake ndiye aliyemfundisha kushona. Akakaa chini pale pale, suruali yake nyeupe kwenye udongo.

Mama mkwe alikuwa ameshuka nyuma yetu bila kusikika. Balozi akamuuliza, bila ukali, kwa nini aliwaambia amevitupa. Akajibu:

"Mdogo wangu, ziwa lilimchukua mume wangu na mtumbwi wake, halikunirudishia hata kofia. Nikaona nilipelekee na sahani za watu kwa sababu gani?"

Katibu alichimbisha sakafu mahali pawili, hakupata hata gunia, akapanda juu akisema ni imani potofu na ataiandikia ripoti. Sijui kama aliandika. Alihamishwa kabla ya masika.

Lakini mtaa haukuhamishwa. Kufika adhuhuri habari ilikuwa imefika mpaka Katonga. Walikuja wanawake waliokuwa wakinyamaza akipita, safari hii hawakunyamaza. Wapo waliolia, wapo waliotukana. Mmoja alisema sasa anajua kwa nini mumewe marehemu humjia ndotoni akiomba wali. Wazee walikaa kikao uwani kwetu, mama mkwe akiwa upande mmoja mimi upande mwingine, na nilisikia neno nililolitaka mwaka mzima likitamkwa na mtu mwingine: mchawi. Niseme ukweli, halikuwa tamu. Lilisemwa na mwanamke ambaye tulipanga naye foleni, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei, na nikaona wengine wanalipima kama linawatosha.

Balozi ndiye aliyelizima. Alisema aliyeficha bakuli la baba yake kwa kulipamba hivyo hawezi kumwita jina hilo, na atakayelitamka alianzie kwake. Mwishowe wakakubaliana: kila familia itoe vigae vyake, itafute mtu wa kuvipeleka ziwani kama ilivyopaswa, kisha shimo lifukiwe. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali. Nadhani alikubali mapema kuliko walivyotarajia.

Ilichukua siku mbili. Walishuka wawili wawili na visu na nyungo, na mimi nikawashikia taa, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa akiwaonyesha. Hakuwa na karatasi. Alijua kila kigae. Huyu alikuwa mvuvi wa migebuka, ndiyo maana nimemweka hapa. Huyu alipenda kuvaa vizuri, vifungo vyote hivi ni vyake, niliviokota mwenyewe kimoja kimoja. Huyu alikufa na uchungu na watu, nimemweka peke yake karibu na mlango apate hewa. Waliokuja na hasira walianza kuuliza maswali. Mama mmoja alimaliza kubandua vigae vya dada yake akabaki ameshika ungo, hataki kupanda. Kuta zikawa zinabaki na matundu ya udongo, na samaki yule akaondoka magamba hadi mkia. Mama mkwe hakulia. Alikuwa akiwaelekeza tu waingize kisu kwa chini, wasije wakajikata.

Siku ya pili alasiri walikuwa wamebaki wachache. Nikajikaza nikamuuliza, wa kwangu yuko wapi.

Akaninyooshea kidole nyuma yangu, juu, pale ngazi zinapokutana na dari. Nilikuwa nimepita chini yake siku mbili. Niliinua taa. Mwanzoni niliona weupe tu, kisha nikaona ule mstari wa kijani. Haikuwa picha. Lilikuwa duara ndani ya duara, kutoka katikati likipanuka, na kila kigae hakikuzidi punje ya harage. Vigae vya wengine vilikuwa vikubwa, kama vilivyovunjika. Vya bakuli lile vilikuwa vimepasuliwa tena, na tena, mamia, na duara la nje lilikuwa bado halijafungwa. Nikapima kwa macho ukuta na ngazi, nikajua tuko chini ya kitanda changu. Kule kugonga nilikokusikiliza mwaka mzima, sikio sakafuni, kulikuwa huku.

Nikamuuliza mbona vidogo hivi.

"Alikuwa mdogo," akasema. "Vikubwa vingemlemea."

Dada wa jirani, yule aliyenyang'anywa kitambaa siku ya arobaini, alikuwa amekuja na kisu chake kutimiza kazi yake. Akapanda ngazi ya tatu akaanza kutafuta pa kuingizia ncha. Nilimshika mkono. Nilimwambia hiki kitabaki. Akasema wazee wamesema vyote. Nikamwambia awaambie wazee waje wakitoe wenyewe, na nadhani nilimwonyesha meno, maana alishuka. Wazee hawakuja. Kesho yake vijana walimwaga udongo mpaka ngazi zote kumi na moja zikazama na shimo likawa sawa na sakafu, na duara lile likafukiwa ukutani kama lilivyokuwa.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimelia usiku na mchana, nikadhani kulia ni malipo. Kisha siku ya tatu mume wangu akarudi kutoka Tabora, amesikia njiani. Aliingia na vumbi lake la safari, akafungua stoo, akasimama kwenye udongo mpya. Alipotoka uso wake sikuufahamu. Hakuniuliza mimi. Alisimama mbele ya mama yake, ambaye alikuwa akisonga ugali wa muhogo, akamuuliza nani alimwita balozi. Akasema ataitaja nyumba ya mchongezi huyo mbele ya mtaa mzima, na kama mtu mwenyewe yumo ndani ya nyumba hii, lori la Kasulu linaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu na chungu cha mboga. Mwiko wa mama mkwe haukusimama.

"Hakuna nyumba," akasema. "Nilimwita mwenyewe. Nimezeeka, ngazi zinanishinda, nilitaka watu wachukue vya kwao kabla sijafa. Kaa ule."

Mume wangu akavuta kibao. Akakaa. Akanawa.

Alijua. Alijua tangu aliponipa taa nishike, na huenda tangu siku niliyorudi na kile kikaratasi cha vipimo. Kwa muda mrefu nilimshuku hata kwa hilo. Nilijiambia amenifichia ili anishike, kwamba siku nikimkosea ataufungua mdomo, na nikaishi nikisubiri siku hiyo, nikimhudumia kwa woga, nikipima kila neno lake. Siku hiyo haikuja. Nilizaa wengine watatu, wakachekea kwake kuliko kwangu. Aliugua miezi minne, na mimi ndiye niliyemwogesha. Hata wakati huo, nikimmwagia maji mgongoni, nilikuwa nikingoja aseme.

Na aliyepaswa kusema ni mimi. Nilikuwa na nafasi jioni ile, kabla ugali haujapoa. Nilikuwa nayo kesho yake, na miaka kumi na minne baada ya hapo, tukila sahani moja mchana na jioni, nyumba haina mtu. Jioni ile nilichukua kijiko nikamwongezea mama mkwe mboga. Akasema asante, mwanangu. Nikala.